Mwani Ukishikwa na Njaa Hunona, Lakini Pipa Halijai

Mfugaji hahitaji kufundishwa kwamba ng'ombe aliyenyimwa majani hukonda. Mbavu zake huhesabika, maziwa hukatika, na mwenye mali huanza kutafuta malisho mengine kabla mnyama hajalala asiinuke tena. Basi mfugaji huyo atashangaa akiambiwa kwamba wako viumbe ambao ukiwanyima chakula hunenepa; na kwamba wengine wao, njaa ikizidi, hufika mahali ambapo nusu ya uzito wao mkavu, au hata zaidi ya nusu, huwa ni mafuta matupu. Viumbe hao ni mwani ule mdogo usioonekana ila kwa hadubini, ambao ukiwa mwingi majini twauona kama rangi ya kijani tu, mfano wa maji ya pipa lililosahauliwa nyuma ya nyumba.

Habari hii si ya kuchekesha watoto. Wataalamu wameijua kwa zaidi ya miaka 70, imetumiwa kuombea mamilioni ya dola, na juu yake yamejengwa matumaini kwamba siku moja magari na ndege zitakwenda kwa mafuta yaliyovunwa mabwawani badala ya yale yachimbwayo ardhini. Sisi ambao nchi yetu hununua petroli na dizeli yake kutoka ng'ambo, na ambao twajua kwamba dizeli ikipanda bei nauli na unga havikawii kuifuata, hatuwezi kuyapuuza matumaini ya namna hiyo. Lakini yatupasa kuyatafuna kabla ya kuyameza. Kila mara bei ya mafuta inapopanda duniani, ahadi hii huzuka upya, na kila mara huzuka na tarakimu moja kubwa inayong'aa. Katika makala haya twataka kueleza tarakimu hiyo yatoka wapi, na ni tarakimu gani nyingine ambayo huachwa nyuma ya pazia.

Kwanza jina lisitupoteze. Watu wa pwani wakisikia mwani hufikiria ule wa baharini, ambao akina mama wa Paje na Jambiani huufunga kambani na kuuvuna maji yakitoka. Huo ni mwani mkubwa, wenye matawi. Tunaouzungumzia hapa ni mdogo wake: kila mmoja ni chembe hai moja peke yake, isiyo na mzizi, wala shina, wala jani. Kwa kuwa hauna viungo vya kulisha, kila kitu uupatacho huutumia kuzaana. Chembe moja iliyoshiba, yenye mwanga na joto la kutosha, yaweza kugawanyika ikawa mbili katika muda wa siku moja, na aina nyingine hazingoji siku kwisha. Hakuna zao la shamba liwezalo kushindana nao kwa mbio hizo.

Wa kwanza kuutafutia mafuta kwa dhati walikuwa watu waliobanwa na vita. Mwaka 1942, Ujerumani ikiwa na upungufu wa mafuta ya kila namna, wataalamu wawili, Harder na von Witsch, walitangaza majaribio yao ya kukuza dayatomu kwa wingi ili kupata mafuta. Dayatomu ni mwani wenye gamba gumu la silika, kitu kile kile kinachofanya kioo. Vita vikaisha. Mwaka 1949, huko Stanford katika jimbo la California, mabwana H. A. Spoehr na H. W. Milner wa Taasisi ya Carnegie walieleza walivyoubadilisha mwani uitwao Chlorella kana kwamba ni udongo wa mfinyanzi. Walipoulisha vizuri, ulijaa protini na mafuta yake hayakufika sehemu 5 katika 100. Walipobadilisha hali ya maji, na hasa walipoupunguzia naitrojeni, mafuta yaliongezeka mpaka katika jaribio moja yakapita sehemu 85 katika 100.

Themanini na tano! Msomaji aifikirie tarakimu hiyo. Nazi iliyokaushwa vizuri haiifikii. Si ajabu kwamba tangu siku hiyo imekuwa ikipita mkono kwa mkono, kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka mkutano hadi mkutano, na kila inapopita maneno yaliyoizunguka hudondoka, ikabaki yenyewe tupu.

Ili tuyaokote maneno yaliyodondoka, yafaa tuingie ndani ya chembe yenyewe. Tuifananishe na kiwanda, maana wasomaji wetu wengi wanavijua viwanda kwa mikono yao. Nguvu ya kuendesha mitambo hutoka kwenye jua. Malighafi ya kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo chembe huichukua majini na kuifanya sukari. Malighafi ya pili ni naitrojeni, ile ile ambayo mkulima huinunua katika mfuko wa urea. Sukari peke yake haiwezi kuendesha kiwanda. Sharti iunganishwe na naitrojeni ndipo zipatikane protini, na protini ndizo mashine zenyewe. Ile rangi ya kijani inasayo mwanga nayo ina naitrojeni ndani yake. Hata yale maandishi ya urithi, yanayoamuru chembe ijengwe namna gani, hayaandikiki bila naitrojeni. Katika mwani ulioshiba, yapata sehemu 7 hadi 10 katika kila 100 za uzito mkavu ni naitrojeni.

Sasa naitrojeni ikiisha majini, mambo huenda hivi. Chembe haiwezi tena kutengeneza mashine mpya, wala haiwezi kugawanyika, kwa sababu kugawanyika ni kujenga kiwanda cha pili kando ya kile cha kwanza. Lakini jua halina habari kwamba bohari imekauka. Lazidi kuwaka, na rangi ya kijani iliyobaki yazidi kuunasa mwanga wake. Mtambo wazunguka na hakuna wa kuuzima. Nguvu hiyo isipopata pa kwenda hugeuka madhara, huzaa oksijeni kali inayounguza viungo vya ndani. Hapo ndipo kiwanda kilichokosa vyuma huanza kutengeneza kwa wingi kitu kisichohitaji naitrojeni hata kidogo, nacho ni mafuta: kaboni, haidrojeni na oksijeni chache, basi. Hukusanywa katika matone yanayovimba ndani ya chembe, na chini ya hadubini huonekana kama shanga zilizosongamana katika mfuko mdogo.

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa habari za Yusufu kule Misri, aliyejaza maghala katika miaka saba ya shibe ili watu wasife katika miaka saba ya njaa. Mwani hutenda kinyume chake. Wakati wa shibe hauweki akiba, huzaana tu. Akiba huiweka wakati wa njaa, kwa kuwa ndipo sukari inapozidi matumizi. Na akiba hiyo ina kazi yake. Mrudishie naitrojeni, nao huyafungua yale matone, huyatumia kujenga upya mashine zake, na huanza tena kugawanyika. Mafuta tunayoyatamani sisi, kwake ni nauli ya kurudia uhai.

Mkulima wa mahindi atatambua dalili nyingine ya njaa hii. Shamba likikosa mbolea, majani ya chini hugeuka manjano, kwa sababu mmea hubomoa rangi ya kijani ya majani ya zamani ili kuokoa naitrojeni iliyomo. Mwani nao hufanya hivyo hivyo. Bwawa lililokuwa kijani kibichi hufifia, likawa la manjano. Maana yake ni nini? Maana yake chembe yala mitambo yake yenyewe. Kila siku ya njaa, uwezo wake wa kunasa jua hupungua, na mashine zilizobaki huzidi kuchoka. Mafuta kwa kila chembe huongezeka huku kiwanda kikibomoka.

Kuna jambo la pili ambalo halitegemei uchovu wa chembe. Gramu moja ya wanga ina nguvu ya yapata kilojuli 17. Gramu moja ya mafuta ina yapata kilojuli 37. Kwa hiyo hata chembe yenye afya kamili, iliyo chini ya jua lile lile, ikiamua kutengeneza mafuta badala ya wanga, itatoa gramu zisizofika nusu. Hilo si kosa la mwani wala la fundi. Mwanga wa jua uangukao juu ya mita moja ya mraba una kipimo chake, na hakuna awezaye kutoa zaidi ya kilichoingia.

Tena tusidhani kwamba kila mwani wenye njaa hukimbilia mafuta. Wengi huanza na wanga. Chlamydomonas, ambao wataalamu huutumia sana maabara kama wakulima wanavyotumia shamba la mfano, hujaza wanga kwanza na mafuta baadaye. Na wale wa ukoo wake walioharibiwa jeni ya kutengeneza wanga huonekana wakijaza mafuta mengi zaidi. Njaa nazo ni za namna nyingi. Fosforasi ikikosekana, chembe hushindwa kupitisha nguvu na kuandika urithi wake, na mafuta huongezeka pia katika aina kadhaa. Ukosefu wa salfa huleta mambo yanayokaribiana na hayo. Hatutakaa hapo, ila twaongeza neno moja kwa wapenda hesabu: fosforasi huchimbwa kutoka katika miamba, kama ile ya Minjingu kwetu, na mahindi yanaihitaji. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba mwani hautashindana na chakula kwa ardhi, aulizwe pia juu ya mbolea.

Njaa ya silika yastahili kusimuliwa peke yake, kwa sababu ndiyo iliyotoa tumaini zuri kuliko yote. Dayatomu huihitaji silika kwa gamba lake. Ikikosekana, haiwezi kugawanyika, kwa kuwa binti hawezi kuzaliwa bila gamba. Lakini mashine zake za ndani, ambazo hazijengwi kwa silika, hubaki karibu nzima. Ni kama kiwanda kilichokosa mabati ya kuezekea jengo jipya huku mitambo ya jengo la zamani ikiwa salama. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Paul Roessler, alieleza yaliyoipata dayatomu iitwayo Cyclotella cryptica. Katika saa 12 za kukosa silika, sehemu ya kaboni mpya inayopelekwa kwenye mafuta ilipanda kutoka karibu 28 katika 100 hadi 54. Naye aliona kwamba kimeng'enya kimoja, kinachokaa mlangoni mwa kazi ya kutengeneza asidi za mafuta, kiliongeza nguvu wakati huo huo. Basi watu wakajiuliza: je, kama tungekiongeza kimeng'enya hicho bila kuitia chembe njaa, si tungepata mafuta na uzazi pamoja?

Roessler hakuwa akifanya kazi peke yake. Alikuwa mmoja wa watu wa mpango mkubwa wa Serikali ya Marekani, uliozaliwa mwaka 1978 baada ya dunia kuonja msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, ukaendeshwa kutoka Golden, Colorado, mpaka mwaka 1996. Uligharimu yapata dola milioni 25. Watu wake walizunguka katika madimbwi ya chumvi ya jangwani, mito, fukwe na maziwa, wakakusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani, wakazichuja mpaka zikabaki karibu 300. Kazi ya namna hii haitangazwi sana, lakini twaiheshimu. Mtu aliyeinama jangwani na chupa yake ya maji ya chumvi amefanya kazi zaidi kuliko wasemaji kumi wa ukumbini.

Kisha wakatoka maabara. Mjini Roswell, katika jimbo la New Mexico, mwishoni mwa miaka ya 1980, walichimba mabwawa mawili yenye mita za mraba 1,000 kila moja, yaliyojengwa mfano wa njia ya mashindano ya mbio, maji yakizungushwa na gurudumu la makasia. Mahali pale pana jua tele na ardhi isiyogombewa. Siku nyingine nzuri walivuna hadi gramu 50 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba. Lakini wastani haukupita sana gramu 10, kwa sababu usiku wa jangwani una baridi kali, na maji yaliyopoa usiku hukawia kupata joto asubuhi. Haya ndiyo mambo ambayo chupa ya maabara haiyajui.

Hapo ndipo tarakimu iliyofichwa ilipoonekana. Tufanye hesabu ya mfano, kwa tarakimu tulizozichagua wenyewe ili ziwe nyepesi. Tuseme bwawa lililoshiba hutoa gramu 20 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku, na katika kila 100 za huo mwani 20 ni mafuta. Tumepata gramu 4 za mafuta. Sasa tulinyime naitrojeni. Mafuta yapanda mpaka 45 katika 100, na mwenye kuuza hisa apiga picha na kuchapa tangazo. Lakini mwani unaoongezeka umeshuka hadi gramu 7 kwa siku. Saba, mara 45, gawa kwa 100: gramu 3 na kidogo. Mafuta katika chembe yamezidi mara mbili, na mafuta katika pipa yamepungua karibu robo.

Taarifa ya mwisho ya mpango ule, iliyotolewa mwaka 1998, ilisema jambo hili bila kuficha: njaa huongeza kiasi cha mafuta ndani ya chembe, lakini kwa kuwa huzuia chembe kuongezeka, jumla ya mafuta yavunwayo haikuongezeka. Na habari za kile kimeng'enya? Jeni yake ilipatikana, na katika miaka ya 1990 waliweza kuipandikiza katika dayatomu hai, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwa mwani wa ukoo huo. Kimeng'enya kiliongezeka. Mafuta hayakuongezeka. Mlango ulipanuliwa, lakini waliokuwa wakiingia hawakuwa wengi kuliko zamani, maana katika kiwanda chenye milango mingi kufungua mmoja hakubadili mwendo wa kazi. Tunaona kwamba kutangaza kushindwa kwa namna hiyo, kwa fedha ya umma, ni sifa kubwa kuliko matangazo mengi ya ushindi tuliyoyasoma.

Mtu aweza kuuliza, hayo ya Colorado na New Mexico yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu sisi tumewahi kuuziwa hesabu ya namna hiyo hiyo, ingawa kwa mmea mwingine. Katika miaka ya 2000 ilisemwa kwamba mbono kaburi, ule unaopandwa uani na makaburini, ungetupatia dizeli kutoka ardhi duni isiyofaa kwa chakula, bila maji mengi wala mbolea. Ni kweli kwamba mbono hustahimili ardhi duni. Ni kweli pia kwamba mbegu zake zina mafuta mengi. Kweli hizo mbili ziliwekwa bega kwa bega mpaka zikaonekana kuwa moja. Hakuna aliyeuliza kwa sauti ya kutosha kama mmea unaostahimili njaa huzaa vizuri ukiwa na njaa. Huko Kisarawe vijiji vilitoa ardhi kwa kampuni ya Kiingereza. Mwaka 2011 kazi ilifungwa, vibarua wakarudi nyumbani, na wanakijiji wakabaki kuuliza ardhi yao imekuwa ya nani. Ardhi ya kijiji ikiisha kuhamishwa, kuirudisha mikononi mwa kijiji ni safari ndefu ya ofisi nyingi. Mbono ulikosea kwa hesabu ya shambani, na mwenye jembe ndiye aliyelipa.

Lakini haki lazima itendeke hata kwa njaa. Mwaka 2009 Liliana Rodolfi, Mario Tredici na wenzao wa Florence, Italia, walitangaza matokeo yaliyokwenda kinyume na desturi. Waliukuza mwani wa bahari uitwao Nannochloropsis nje, juani, katika vyombo vyembamba vya plastiki vilivyosimama kama ukuta. Walipouondolea naitrojeni, mafuta yalifika sehemu 60 katika 100, na safari hii hata mafuta kwa siku yaliongezeka: kutoka miligramu 117 kwa kila lita hadi 204. Kwa hiyo si kweli kwamba njaa haileti faida kamwe. Mwani huu huvumilia. Huendelea kunasa jua kwa siku kadhaa baada ya bohari kukauka. Ndipo ukaja mpango wa hatua mbili: kwanza ushibishwe uzaane, kisha uhamishiwe katika maji makavu ya naitrojeni unone kwa siku chache, ndipo uvunwe. Fundi wa mabwawa hayo ana kazi kama ya mpishi wa ubwabwa, kujua ni saa ngapi hasa apunguze moto. Akiwahi, chembe ni chache. Akichelewa, zimebomoka, au wadudu wadogo wa majini wamekwisha kuzila.

Na kuvuna kwenyewe si jambo dogo. Katika bwawa la wazi, lita moja ya maji kwa kawaida haina zaidi ya nusu gramu ya mwani. Tani nzima ya maji yapasa kuchujwa ili ipatikane nusu kilo. Nguvu ya pampu, ya gurudumu na ya kukausha hutolewa katika mafuta yale yale kabla hayajafika sokoni.

Wengine wameamua kuutafuta mlango wa nyuma. Mwaka 2013, wataalamu wa Taasisi ya Scripps ya elimu ya bahari, huko San Diego, waliiacha njaa kando. Walikwenda kwa kimeng'enya kinachoyavunja mafuta wakati chembe inapoyahitaji, wakakipunguza katika dayatomu iitwayo Thalassiosira pseudonana. Mafuta yakabaki ndani kwa wingi, na ukuaji haukudhurika. Mwaka 2017 watu wa Synthetic Genomics, kwa fedha za ExxonMobil, walieleza kwamba wamempata mnyapara mmoja katika chembe ya Nannochloropsis, protini inayoongoza jeni nyingine. Walipomnyamazisha kwa kiasi, si kabisa, mwani ulitoa karibu mara mbili ya mafuta huku ukikua karibu sawa na desturi, na naitrojeni ikiwa ipo majini. Twasema kwa kiasi kwa sababu walipomwondoa kabisa, ukuaji ulianguka, yakawa yale yale ya njaa.

Kazi hiyo ilitukuzwa, na ilistahili. ExxonMobil, iliyoingia katika shughuli hii mwaka 2009 ikitaja kiasi kinachoweza kufika dola milioni 600, ilitangaza mwaka 2018 kwamba ufundi wa kutoa mapipa 10,000 kwa siku ungeweza kuwa tayari ifikapo mwaka 2025. Mapema mwaka 2023 ilijulikana kwamba imejitoa. Mwenzake, ambaye wakati huo alikuwa amebadili jina na kuitwa Viridos, alipunguza wafanyakazi, kisha mwaka huo huo akapata fedha kidogo kutoka kwa wengine, miongoni mwao Chevron na kampuni ya ndege ya United. Kwa kampuni ya mafuta, dola hizo ni kama senti za mfukoni. Kwa fundi aliyezoea bwawa lake na kuachishwa kazi, hesabu ni nyingine.

Wakati huo huo, wako watu wanaoutia mwani njaa kila siku na kupata faida, ila hawauzi mafuta ya magari. Huko Australia, katika mabwawa makubwa ya chumvi, Dunaliella hunyimwa raha mpaka igeuke rangi ya machungwa, kwa kujaza betakarotini, rangi inayotumika katika vyakula na dawa. Mwingine uitwao Haematococcus, ukikosa naitrojeni chini ya jua kali, hugeuka mwekundu kama damu, na wekundu wake hulishwa samaki wa kufugwa ili nyama yao ipendeze, au hutiwa katika vidonge. Mazao yao ni haba kwa sababu ile ile tuliyoieleza, kiwanda kikiwa katika kubomoka. Lakini kilo moja ya rangi hiyo huuzwa kwa mamia au maelfu ya dola, na mnunuzi wake hupima kwa gramu. Mnunuzi wa dizeli hupima kwa pipa, akiwa amekwisha kuuliza bei ya kituo cha jirani.